Panya wa Julai

Panya mweupe wa maabara hashikwi kama panya wa ghalani. Unamwinua kwa mkia, pale karibu na shina, unamweka juu ya wavu ajishikilie kwa kucha za mbele, kisha kwa kidole gumba na cha shahada unaibana ngozi ya shingo. Akishabanwa hivyo anatulia. Unamgeuza tumbo juu, unamchoma pembeni chini ya kitovu, na kazi imekwisha. Mzee aliyenifundisha alikuwa na sharti moja tu: usimguse panya ukiwa umekasirika. Tulimwita Babu. Hata mabosi wake walimwita hivyo, maana alikuwa amelitunza lile banda tangu mabati yake yalipokuwa yanang'aa.

Hapo ni Arusha, kwenye maabara moja ya mifugo ambayo sitaitaja jina. Mimi nilikuwa nimetoka chuo, fundi sanifu mpya, binti wa Machame niliyekulia kwenye migomba na ng'ombe wa ndani. Panya nilikuwa nawajua kwa mtego. Nikapangiwa banda la wanyama. Wenzangu waliopangiwa chumba cha hadubini walinipa pole.

Kazi yetu kubwa ilikuwa kuhakiki chanjo za mifugo kabla hazijaenda kwa wafugaji. Hatukuzitengeneza sisi. Zilifika kwenye maboksi ya barafu, tunachukua chupa chache kutoka kila toleo, yaani fungu lililotengenezwa pamoja, tunazipitisha kwenye vipimo, na kimojawapo kiliitwa kipimo cha usalama wa jumla. Ni rahisi kuliko jina lake. Unachukua panya watano wenye afya, wa gramu 17 hadi 22, na simbilisi wawili. Unawachoma chanjo, unawatazama siku saba. Wakiwa hai wote na hawajapungua uzito, unaandika "limepita". Akifa mmoja, unarudia. Hakikuambii kama chanjo inakinga, wala hakikuambii ndani ya chupa mna nini. Kinakuambia tu kwamba haikuua panya watano wa kwako, kwenye banda lako, wiki ile.

Maneno hayo ya mwisho sikuyajali mpaka Julai ya mwaka wangu wa pili.

Aliyelala Arusha mwezi wa saba ananielewa. Upepo unashuka usiku kutoka Mlima Meru, na asubuhi wingu linakaa juu ya mji kama blanketi lililoloa. Banda letu lilikuwa na hita mbili za umeme, na hiyo ilikuwa miaka ya mgao. Jenereta la ofisi lilikuwa na orodha yake: friji za chanjo kwanza, kompyuta za uhasibu pili (usiniulize), banda la wanyama kama mafuta yatabaki. Usiku ninaousema umeme ulikatika saa mbili na haukurudi. Tulikuwa na toleo la chanjo ya chambavu kwenye siku ya nne.

Asubuhi nilimkuta Babu amechuchumaa mbele ya kizimba, kofia yake ya sufu mkononi. Panya watatu kati ya watano walikuwa wamekufa, wamejikunja kwenye kona moja, maranda yamewafunika nusu. Wawili waliobaki walikuwa wamejichimbia chini yao wakitetemeka. Vizimba vya pembeni, vya panya wa kuzalia ambao hawakuwa wamechomwa chochote, navyo vilikuwa na mizoga.

"Shikamoo Babu."

Hakuitikia mara moja. "Marahaba. Binti, hawa hawakufa kwa dawa. Hawa wameuawa na baridi."

Nilijua. Msimamizi wetu naye, alipofika, alijua. Lakini fomu haikuwa na mahali pa kuandika baridi. Ilikuwa na mahali pa kuandika idadi ya waliokufa. Tukaandika tatu. Toleo likasimama.

Kurudia kipimo si kama kurudia kuosha vyombo. Panya wa kuzalia walikuwa karibu wameisha. Jike hubeba mimba wiki tatu, watoto hunyonya wiki nyingine tatu, kisha unangoja wafikishe gramu 17, wawe wa kutosha, na wasiwe na mafua. Hapo hujaanza kuhesabu zile siku saba. Mwishoni mwa Septemba bado tulikuwa tunapima vitoto kwenye mizani.

Chambavu, kwa asiyeujua, ni ugonjwa wenye dharau. Unachagua ndama walionenepa. Mguu unavimba, ukiubonyeza unasikia kitu kama karatasi inakunjwa chini ya ngozi, na kesho yake ndama hayupo. Hupenda kuja na mvua, kwa hiyo chanjo hutakiwa kutangulia mvua. Mwaka ule vuli iliwahi.

Mzee mmoja wa Kimaasai kutoka upande wa Monduli alikuja ofisini kuulizia. Nikamweleza kadiri nilivyoweza: chanjo ipo, imefika tangu Juni, iko kwenye friji hapo nyuma, ila kipimo chake kimekwama. Kimekwama kwa nini? Nikamweleza habari za panya, na hita, na vitoto. Alinisikiliza mpaka mwisho kwa adabu zote, ameegemea fimbo yake.

"Kwa hiyo, yeyo, ng'ombe zangu zimepangwa foleni nyuma ya panya?"

Alikuwa ameshazika ndama wanne. Oktoba toleo lilelile, chupa zilezile, lilipita bila panya hata mmoja kusinzia. Nilitia sahihi yangu kwenye karatasi na mkono ukawa mzito.

Kwa miaka kadhaa baada ya hapo niliamini kosa lilikuwa hita. Niliandika barua tatu kuomba jenereta dogo la banda, nikalipata, tukapaka ukuta chokaa, tukaziba matundu ya upepo. Nilijiona nimetatua tatizo. Ndivyo tulivyofundishwa kufikiri: mnyama ndiye shahidi wa kweli, na shahidi akitoa ushahidi mbovu, mpe chumba kizuri zaidi.

Mwaka 2016 nikapelekwa mafunzo mafupi nje ya nchi, sisi mafundi kutoka nchi kama kumi, nyingi za Afrika. Siku ya pili mwalimu akauliza nani kati yetu bado anafanya kipimo cha usalama wa jumla. Mikono ikainuka karibu yote, wangu ukiwa wa kwanza, kwa fahari kidogo. Akauliza tena: nani amewahi kukataa toleo kwa sababu ya kipimo hicho, na baadaye ikathibitika kwamba chanjo kweli ilikuwa na sumu? Mikono ikashuka. Nilibaki nikitazama meza.

Ndipo akatupa historia yake. Kipimo hicho kilizaliwa Ujerumani mwanzoni mwa karne ya 20, enzi za kutibu dondakoo kwa seramu ya damu ya farasi. Seramu ilihifadhiwa kwa fenoli, ikizidi ni sumu, na ilihofiwa pia kuingiliwa na sumu ya pepopunda. Hofu hiyo haikuwa ya bure. Mwaka 1901 huko St. Louis, Marekani, farasi aliyeitwa Jim alikuwa akitoa damu ya kutengenezea seramu, akaugua pepopunda, na seramu yake ikawafikia watoto kabla mtu hajashtuka. Watoto 13 walikufa. Kwa vifaa vya wakati ule, kumchoma mnyama kwanza na kungoja kilikuwa kitendo cha busara. Sina ugomvi na waliokianzisha.

Ugomvi wangu ni na sisi tuliokirithi. Seramu zile ziliondoka, viwanda vikaanza kupima fenoli kwa kemia na kutafuta vijidudu kwa kuviotesha, lakini panya watano na simbilisi wawili wakabaki kwenye karatasi. Marekani ilifuta sharti hilo mwaka 2015, yaani mwaka mmoja kabla sijanyoosha mkono wangu wa fahari. Mwaka 2018 kamati ya wataalamu ya Shirika la Afya Duniani ikakubaliana kwamba kipimo hicho kisiwekwe tena kwenye miongozo yake ya chanjo. Kitabu cha viwango vya dawa cha Ulaya kilikuwa bila hicho kuanzia 2019. Kwa nini kilidumu miongo mingi bila kazi? Mwalimu alitueleza kwa mfano wa soko. Mtengenezaji mmoja anauza nchi arobaini. Nchi moja tu ikisema "sisi bado tunataka panya", anawachoma panya, maana hawezi kutengeneza chanjo ya nchi moja peke yake. Na ile nchi moja mara nyingi ni ya kwetu huku, si kwa ukatili, ila kwa sababu hakuna ofisa anayetaka kuwa yeye aliyefuta kitu halafu kesho mtoto akadhurika.

Usiku ule nilimpigia Babu. Nilitegemea atakasirika kwamba kazi yake ya miaka yote imeitwa bure. Akacheka.

"Wewe sotoka huijui," akasema.

Baba yake alikuwa mchunga ng'ombe, na Babu alikulia kwenye simulizi za sotoka, ugonjwa uliofagia ng'ombe wa Wamaasai miaka ya 1890 na kuwafuata watu kwa njaa. Alikumbuka kusikia kwamba chanjo ya zamani ilitengenezwa kwa mbuzi: mbuzi anaambukizwa, anachinjwa, wengu wake ndio chanjo. Kisha wazungu wa Muguga, kule karibu na Nairobi, wakaacha mbuzi. Hilo nililisoma baadaye na Babu alikuwa sahihi. Walter Plowright na wenzake, kwenye miaka ya kuelekea 1960, waliotesha virusi vya sotoka kwenye seli za figo za ndama ndani ya chupa za vioo, wakavidhoofisha hapo hapo. Nguvu ya kila toleo ikawa inapimwa kwenye seli pia: unaizimua chanjo mara kumi, mara mia, mara elfu, unaangalia mpaka wapi bado inaharibu seli, unapata namba. Mwaka 2011 dunia ikatangaziwa kwamba sotoka imekwisha. Ugonjwa wa kwanza wa mifugo kufutwa kabisa, na sehemu kubwa ya kazi hiyo imefanyika kwenye ardhi yetu hii.

"Sasa kama sotoka imeondoka bila mbuzi," Babu akasema, "wewe unaogopa kuachana na panya?"

Niliporudi nikahamishiwa upande wa chanjo za kuku, na hapo ndipo nilipoelewa kwa mikono yangu mwenyewe.

Chanjo ya mdondo inayotumika sana vijijini kwetu ni ile ya I-2, ya tone la jicho, inayotengenezwa Kibaha. Ni chanjo ya virusi hai iliyochaguliwa kwa kuvumilia joto. Zamani, njia ya heshima ya kuithibitisha ilikuwa kuchanja kuku, kusubiri, kisha kuwaambukiza mdondo wenyewe, pamoja na kuku wa kulinganisha ambao hawakuchanjwa. Nimewahi kushiriki mara moja. Kuku wa kulinganisha walianza kupinda shingo siku ya tano, wakawa wanazunguka kinyumenyume na kuangukia maji ya kunywa, kinyesi kijani. Ilibidi wafe ili tuandike kwamba virusi vilikuwa vikali. Nilikula ugali na maharage wiki mbili.

Njia tunayotumia sasa inaanzia chumba cha giza. Unachukua mayai yaliyoatamiwa siku tisa hadi kumi na moja, unayamulika kwa tochi kutoka chini. Yai lililo hai linaonyesha mishipa myekundu kama utando wa buibui, na katikati kivuli kinachorukaruka. Unaweka alama ya penseli juu ya mstari wa hewa, unatoboa, unaingiza chanjo uliyoizimua, kila kundi la mayai na kiwango chake, unaziba tundu kwa nta. (Nta ilipoisha tulitumia rangi ya kucha. Nyekundu. Trei ikaonekana kama ya harusi.) Mayai yanakaa inkubeta kwa nyuzi 37, siku chache, kisha friji usiku kucha. Unachota maji ya ndani ya yai, tone moja juu ya kigae cheupe, unachanganya na tone la chembe nyekundu za damu ya kuku, unakitikisa kigae polepole kama unapepeta mchele. Kama virusi vimo, damu inagandana vipunje vipunje kama semolina. Kama havimo, inabaki laini. Unahesabu, unapiga hesabu, unapata nguvu ya chanjo kwa dozi: kwa I-2 tunataka isipungue milioni moja, yaani kumi kwa kipeo cha sita.

Kuku hakuguswa. Kisha kijijini, ukitaka kujua kama kuku waliochanjwa wamepata kinga, unachukua damu kidogo kwenye mshipa wa bawa, unapima kama seramu yake inazuia ule mgandano. Kuku anarudi jalalani kuparura. Nilikuwa natazama namba zile kwenye daftari na kujiuliza: panya wangu watano waliwahi kunipa namba?

Namba ndiyo iliyotuokoa kwa mama mmoja wa Poli, pale chini ya Mlima Meru. Alikuja amebeba kuku wawili waliokufa kwenye mfuko wa rambo, akawaweka kaunta.

"Dada, dawa yenu ni maji."

Walichanja kijiji kizima wiki tano kabla, na mdondo ukapita kama hawakuchanja. Kilichonishangaza ni alichosema baadaye. Yeye alikuwa ameipima. Chanjo ilipofika aliwachanja majogoo wawili kwanza, akawaangalia siku tatu, walipokuwa wazima ndipo akaruhusu waliobaki. Nilimtazama nikajiona mimi mwenyewe pale bandani na Babu. Alikuwa amefanya kipimo cha usalama wa jumla, bila kufundishwa na mtu, na kilimjibu swali ambalo halikuwa swali lake. Kuku wake hawakuwa hatarini kuuawa na chanjo. Walikuwa hatarini kwa chanjo iliyokufa.

Duka alikonunulia bado lilikuwa na chupa za toleo lile ambazo hazijafunguliwa. Tukaziingiza kwenye mayai. Zilipita, tena vizuri. Basi chanjo haikuwa maji. Ila ilichanganywa na maji, na ilibidi tuulize maji gani. Kijana mchanjaji alitoka mjini na dumu lake la maji ya bomba, masafi, yenye klorini, kwa sababu alisikia maji ya mlimani kule yana floraidi nyingi (kweli, angalia meno yetu) akadhani yataharibu dawa. Klorini ikaua virusi ndani ya chupa kabla tone la kwanza halijafika jichoni. Tulimwonyesha: maji yachemshwe yapoe, au yaachwe wazi usiku kucha klorini ipotee. Mama wa Poli alimtazama yule kijana kwa muda mrefu bila kusema kitu, kisha akaokota mfuko wake.

Kipimo cha panya kisingeliona hilo milele. Panya wangekuwa wazima, fomu ingesema limepita.

Sitaki mtu asome hapa akadhani kuacha wanyama ni kununua mashine tu. Nilihamia Moshi baadaye, mama yangu alikuwa anazeeka, nikaingia mradi mdogo wa kujifunza kupima chanjo ya kichaa cha mbwa kwa Elisa, kipimo cha kwenye sahani kinachotumia kingamwili. Chanjo hiyo ndiyo inayoniuma kuliko zote. Njia ya zamani, ambayo watengenezaji wengi bado wanaifuata, ni kuwachanja panya makundi kwa makundi, kisha siku ya 14 kuwachoma virusi vya kichaa ndani ya ubongo, na kuwaangalia siku 14 nyingine nani anapooza na nani anabaki. Mwezi mzima, panya wengi, watu wanaofanya kazi na virusi vinavyoua, na jibu linayumba vibaya kati ya maabara na maabara. Elisa inauliza swali jingine: ile protini ya juu ya kirusi, ile miiba ambayo mwili unaitambua, imo kiasi gani, na bado iko kwenye umbo lake? Kingamwili iliyopakwa kwenye vishimo 96 vya sahani inashika miiba iliyo mizima tu. Jibu ni siku mbili.

Jibu letu la kwanza lilikuwa njano, rangi inayosema miiba imo. Vishimo vyote 96, mpaka vile tulivyoweka maji matupu, vilikuwa njano kama sahani ya embe. Hatukuosha vizuri kati ya hatua na hatua. Mara ya pili vyote vikabaki vyeupe: kingamwili zilikaa njiani siku kumi na moja, barafu kavu ikawa imekwisha ndani ya boksi, zikafika zimepikwa. Mara ya tatu pipeti yetu moja ilikuwa inachota pungufu. Nilimsimulia Babu kwenye simu, tayari alikuwa amestaafu. "Panya wangu," akasema, "hawakuwahi kugeuka njano wote."

Alikuwa na hoja. Panya anasamehe mkono usiojua, sahani haisamehi. Unahitaji umeme usioyumba, maji yaliyosafishwa kweli, pipeti zinazohakikiwa, sampuli ya rejea ya kulinganishia, na kabla ya yote ushahidi kwamba kipimo kipya kinakataa chanjo mbovu. Tuliwahi kupasha chanjo joto makusudi, siku kadhaa kwa nyuzi 56, tuone kama sahani itajua. Ilijua. Rangi ilififia kishimo kwa kishimo, na hiyo ndiyo siku niliyoiamini.

Lakini ile hoja ninayoisikia kwenye semina, kwamba njia hizi ni za matajiri na sisi tubaki na panya kwa sasa, siikubali. Anayesema hivyo hajawahi kulipia banda. Panya anakula Jumapili. Anakula Idi na Krismasi. Anataka maranda, joto, mtu wa kumsafisha, daktari wa kumwangalia, na bado akiugua mafua ameondoka na toleo lako. Chanjo ya kifaduro tunayowapa watoto wetu ndani ya pentavalenti, chanjo moja ya magonjwa matano, ni ile ya seli nzima, ambayo nchi tajiri nyingi zimeshaiacha, na kipimo chake cha nguvu kilichozoeleka ni panya kuchomwa bakteria ubongoni. Ukiuliza ni chanjo za nani duniani bado zinasubiri panya, utakuta nyingi ni za watoto wetu na mifugo yetu.

Na si lazima kila nchi ipime upya kilichopimwa. Kwa chanjo za mifugo Afrika tuna PANVAC, kituo cha Umoja wa Afrika kule Debre Zeit, Ethiopia, kilichozaliwa wakati wa vita ya sotoka, ambacho kazi yake ni kuhakiki matoleo na kutoa cheti. Upande wa binadamu, mamlaka yetu ya dawa, TMDA (wakati ule ikiitwa TFDA), ilitambuliwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2018 kuwa imefika ngazi ya tatu ya ukomavu, kati ya ngazi nne. Tukiwa na watu wa kuaminiana hivyo, kuwachoma tena panya wa Arusha kwa toleo ambalo tayari limechomwa kwa panya wa kwingine ni kumuuliza shahidi yuleyule mara mbili.

Mtoto wa jirani yangu hapa Pasua aling'atwa na mbwa mwaka jana. Tulimuosha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika kumi na tano, mama yake akalia muda wote, tukampeleka sindano. Nesi aliposhika ile chupa ndogo nilisoma namba ya toleo bila kukusudia, ni mazoea. Yule mama akaniuliza, "Wewe si mtu wa maabara? Hii ni nzima?" Nikamwambia nzima. Nilijua imepimwa. Nilijua pia imepimwaje, na sikumwambia.

Babu nilimwona mara ya mwisho Desemba, nilipopita Arusha. Lile banda la wanyama sasa lina rafu za inkubeta, na ofisi humwita kwa kibarua siku za mayai, kwa kuwa vijana wanachelewa kutofautisha yai lililokufa na lililolala. Nilimkuta chumba cha giza, tochi mkononi, kofia ileile ya sufu. Aliliinua yai moja, akaligeuza, akaninyooshea.

"Hili nalo ni mnyama au si mnyama?"

Nikamwambia kwa sheria nyingi, kwa siku hizi kumi, halijahesabiwa.

"Mimi sikuuliza sheria," akasema, akaliweka kwenye trei ya walio hai, akachukua jingine.